Kopo Jekundu la Shemeji

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa katika historia ya mtaa wetu. Kiwanda cha ovaroli kimepata oda ya kuwavisha wafanyakazi wa maghala ya baridi huko ng'ambo, na sasa kinatafuta muuza zipu mmoja wa kudumu. Mmoja tu! Mnunuzi wao atapita mtaani Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14. Maduka ya zipu hapa ni mawili: langu, na lile lililo mkabala, hatua kumi na nne kutoka mlangoni kwangu. Nimezipima. Lile la mkabala ni la dada mkubwa wa mke wangu. Kwa hiyo ni shemeji yangu. Kwa bahati mbaya ya ndoa, ndiye pia mshindani wangu.

Mke wangu ametoa tamko wakati wa chai ya asubuhi. Amesema, huku akipaka siagi mkate bila haraka yoyote, kwamba oda hiyo ikivuka barabara, nasi tutavuka nayo. Maana yake: duka tutalifunga, na mimi nitakwenda kusimama nyuma ya kaunta ya dada yake, nikipima zipu kwa rula ya dada yake. Ameongeza kwamba nina miaka tisa ya mkakati, na hadi leo watu wanaingia kwetu kuuliza duka la dada yake liko upande gani.

Nilimalizia chai yangu. Kiongozi habishani akiwa na kikombe mkononi. Mimi ni katibu mwenezi wa Chama cha Wafanyabiashara wa Mtaa, ndimi msoma hotuba wa kila mkutano, na mtaa mzima huniita Mheshimiwa Mkakati. Wananiita hivyo kwa heshima. Hilo sina shaka nalo.

Mchana nimehudhuria semina ya mtandaoni kuhusu mwelekeo wa soko la dunia. Mtandao ulikatika mara kadhaa. Nilisikia theluthi moja ya maneno. Nilielewa yote. Kiini chake ni hiki: katika uchumi wa leo, mtu makini hanunui kitu kizima mahali pamoja. Kila kiungo hununuliwa pale kinapopatikana kwa nafuu zaidi duniani, kisha viungo vikakutanishwa. Nilisimama peke yangu dukani nikapiga makofi.

Shemeji hununua zipu nzima nzima kutoka kwa msambazaji yule yule, mwaka wa kumi na moja huu. Maskini. Hata hivyo nakiri kwamba zinapangwa vizuri mno rafuni mwake. Kwa rangi, kisha kwa urefu. Mtu akipita hujikuta ameingia.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimechukua hatua! Zipu ya roli, ile ya kukata kwa mita, nimeiagiza nchi ya kwanza. Vichwa vya zipu, vile vinavyopanda na kushuka, nimeviagiza nchi ya pili, upande mwingine kabisa wa ramani. Roli za saizi namba tano. Vichwa namba tano. Vyote vinakuja kwa ndege. Nimetenganisha vyanzo, nimesambaza hatari, nimeunganisha mabara mawili kutoka kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi.

Muuza vichwa aliniandikia swali moja tu kabla ya kutuma. Aliuliza vichwa hivyo ni vya zipu yenye meno ya aina gani.

Nilimjibu kwa heshima zote kwamba ni meno ya hali ya juu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimefanya utafiti wa mshindani. Nimekaa dirishani tangu saa tatu hadi saa saba, nyuma ya kadi za vifungo, nikiangalia ng'ambo ya barabara. Ugunduzi wa kutisha: shemeji ana kopo. Kopo kubwa la biskuti, la duara, jekundu, analiweka chini ya kaunta. Mafundi cherehani wanaingia mmoja mmoja. Wanainama. Wananong'ona. Wanampa kitu kidogo, naye anauliza maneno mawili matatu, anaandika kitu, analifungua kopo, anatia, anafunga. Leo pekee wameingia saba!

Hakuna shaka. Ni taarifa za siri za soko. Pengine ni katalogi za ng'ambo zilizokatwa vipande. Pengine ni utabiri wa mitindo ya miaka mitano ijayo.

Nilimwomba mke wangu aende akachungulie, kwa kuwa ni damu yake. Amekataa. Amesema kama nataka kujua kilichomo nimuulize mwenyewe, maana ni shemeji yangu, ana mdomo, nami ninao, tena wangu ndio mkubwa.

Kumuuliza! Mke wangu ni mtu mwenye akili nyingi, lakini ushindani wa kisasa haujui.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimekwenda mwenyewe, kwa kisingizio. Nilivuka barabara kwa mwendo wa kawaida nikamwomba shemeji aniazime mkasi. Alinikaribisha kwa furaha. Alinivutia kiti, akauliza hali ya watoto, kisha akataka kujua kama leo shem wake amekuja kusalimia au kupeleleza. Nilicheka kicheko cha mtu asiye na siri. Akanipa mkasi. Ndipo tukaona wote wawili kwamba nilikuwa nimeshika mkasi wangu tangu nilipoingia.

Alinimiminia chai. Huyo ndiye shemeji: mtu mwingine angeshika mbavu. Yeye aliugeuza mkasi wangu, akautazama, akasema umekuwa butu, akaunoa palepale huku akinisimulia habari za mkwe wake mtarajiwa. Sasa unakata kama mpya.

Kopo sikuliona ndani. Niliona kifuniko tu. Kimechakaa kwa kufunguliwa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Roli zimefika! Nimezifungua kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Bluu ya bahari kuu, nyeusi, kijivu. Meno ya plastiki, makubwa, yamepangana sawasawa kama wanafunzi wa shule yenye nidhamu. Nilikaa nazo muda mrefu bila kufanya kazi yoyote, na naandika haya bila aibu. Hebu fikiria. Pamba ya utepe huu imelimwa na watu wasioijua lugha yangu. Kuna mtu ameisokota, mwingine akaitia rangi, mwingine akakaa mbele ya mashine akayabana meno haya, jino kwa jino, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba kazi yake ingeishia kwenye meza yangu, katika mtaa huu, jirani na muuza betri. Na bado imefika. Haijapotea hata mita moja. Nani anaweza kuutazama ulimwengu wa namna hiyo asivue kofia?

Nilivua kofia.

Fundi Miwani, ambaye cherehani yake iko kwenye kibaraza changu, alikuja kuzipapasa. Amezisifu. Amesema hii ni mali, haina ubishi. Kisha akauliza vichwa viko wapi. Nikamwambia vinatoka nchi nyingine. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniuliza kama nchi hizo mbili zinafahamiana.

Wivu huanza hivyo hivyo, kwa mzaha.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Vichwa vimefika. Vichwa elfu sita, ndani ya maboksi yenye utepe wa muhuri na maandishi ya lugha tatu. Kupitia dirisha dogo la nailoni vinaonekana vikimetameta. Kazi nzuri ajabu. Fundi Miwani ameshauri tufungue boksi moja tujaribu kichwa kimoja, kimoja tu, Mheshimiwa, kwenye kipande cha roli. Nimemweleza kwa upole kwamba muhuri wa kiwandani ni sehemu ya bidhaa. Mnunuzi akikuta boksi limefunguliwa ataona duka la mtaani. Akilikuta limefungwa ataona kampuni.

Fundi amesema yeye akikuta zipu inafunga huwa anaona zipu.

Hotuba imekamilika. Kurasa tisa. Kichwa chake: "Duka Dogo katika Uchumi wa Dunia: Dira, Dhamira na Mwelekeo." Nimeisoma mara mbili mbele ya kioo. Mke wangu amesikiliza ukurasa wa kwanza akiwa mlangoni, na nilipouliza maoni alisema nimepiga pasi shati vizuri.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Mnunuzi alifika saa nne kamili. Mama mfupi, mtulivu, viatu bapa, begi la turubai. Nilimkaribisha kwa niaba ya duka, mtaa na chama. Nikaanza hotuba. Alisikiliza kwa adabu hadi ukurasa wa tatu, pale ninapoeleza wimbi la nne la mabadiliko ya soko. Hapo aliomba radhi, akauliza kama angeweza kuona zipu.

Nilikata muhuri kwa mkasi alionoa shemeji. Ulikata vizuri sana. Nikachukua kichwa kimoja, nikakielekeza kwenye roli.

Kikagoma.

Nikachukua cha pili. Kikagoma. Cha tatu nilikisukuma kwa nguvu za mwili mzima. Kikaingia meno mawili, kikakwama, hakikwenda mbele wala hakikurudi. Fundi Miwani alileta mshumaa akayapaka meno nta. Akaleta koleo. Mwishowe alikishika kichwa kimoja, akakiinua kwenye mwanga, na akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetoa rambirambi, kwamba hivi ni vichwa vya zipu ya nailoni, ile laini ya magauni na mito. Tumbo lake ni jembamba. Roli zetu ni za meno ya plastiki. Namba tano kwa namba tano, Mheshimiwa, ila hawa hawajawahi kuoana na hawataoana.

Nikakumbuka swali la muuza vichwa. Sikulitaja.

Mnunuzi hakucheka. Alitoa kwenye begi glavu nene za kazi, akazivaa, akaomba zipu yoyote iliyokamilika hapo dukani. Nilimpa moja ya zamani. Alijaribu kukikamata kishikio kwa vidole vya glavu. Hakikukamatika. Alinieleza kwamba kwenye maghala ya baridi hakuna anayevua glavu, na kwamba ovaroli zilizopita zilirudishwa kwa sababu hiyo. Akanishukuru kwa chai, akavuka barabara. Hatua kumi na nne. Yeye alitumia kumi na nane.

Nilimfuata, kama katibu mwenezi.

Shemeji hakuwa na hotuba. Alimtazama mnunuzi mikononi, akaona glavu, akauliza wanaozivaa wanafanya kazi gani. Alipoambiwa ni wa maghala ya baridi, aliinama chini ya kaunta akalitoa kopo jekundu. Akalifungua! Mbele ya watu wote, kama mtu anayefungua kopo la sukari.

Zipu mbovu.

Kopo zima limejaa zipu zilizokufa. Zilizong'oka meno, zilizopasuka vichwa, zilizooza kwa chumvi na jasho. Kila moja ina kikaratasi kilichofungwa kwa uzi, na kila kikaratasi kimeandikwa kwa mkono wake wa duara: nani aliivaa, anafanya kazi gani, ilivunjikaje. Kila fundi anayebadilisha zipu ya mteja humletea ile ya zamani, naye humuuliza ilikufa kwa nini. Miaka kumi na moja! Alichakura kidogo, akaweka tano mezani. Muuza nyama, chumba cha barafu, kishikio kilivutwa kwa koleo kwa sababu ya glavu. Muuza samaki, vivyo hivyo. Dereva wa lori la maziwa, vivyo hivyo, na amemtukana aliyeigundua zipu. Kwa ajili ya watu hao, amesema, alimwandikia msambazaji wake mwaka juzi akamwomba vichwa vyenye kitanzi kirefu cha kamba ngumu. Msambazaji aligoma. Shemeji akamtumia kwa posta zipu saba zilizokufa, na vikaratasi vyake. Msambazaji akatengeneza.

Akaleta moja. Mnunuzi aliishika kwa glavu. Juu, chini. Juu, chini. Ilikwenda kama maji.

Mnunuzi alivuta kiti mwenyewe akakaa. Amesema ametembelea nchi sita akitafuta zipu hii, na ameonyeshwa picha nyingi sana za kumulikwa ukutani. Alivua glavu, akampa shemeji mkono.

Na mimi? Nilipaswa kuumia. Niliumia, ndiyo, kwa muda wa kama dakika moja. Halafu nikajikuta nimeinama juu ya kaunta nasoma vikaratasi. Vinasomeka kama barua. "Mwashi. Saruji imeingia kwenye meno. Hufua Jumapili tu." "Mama mjamzito. Zipu haina kosa." Dunia nzima ya kazi imo ndani ya kopo la biskuti, na mwanamke huyu ameisoma wakati mimi nilikuwa naangalia ramani.

Nilimwambia, mbele ya mnunuzi na Fundi Miwani, kwamba sijapata kuona akili ya biashara kama hii. Shemeji aliona haya. Akasema, aa, shem, ni kuuliza tu.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Kibao cha duka kimeshushwa. Mke wangu alishika ngazi, nami niling'oa misumari. Tisa. Mmoja kwa kila mwaka, ingawa sikupanga hivyo. Nilipofika chini hakuniachia ngazi mara moja. Amesema hakutamani nishindwe. Amesema alichoka kuniona nimekaa peke yangu dirishani nyuma ya kadi za vifungo, nikimwangalia dada yake akizungumza na watu. Nilipangusa kibao kwa mkono wa shati. Kilikuwa na vumbi, na vumbi liliniingia machoni.

Alasiri shemeji alivuka kutazama roli zangu. Amezisifu kwa dhati: meno imara, utepe mzuri, ndizo hasa zitakazofaa oda ya kiwanda, zinahitaji vichwa vyake tu, na msambazaji wake anavyo. Zipu nzuri hizi, shem. Zimekosa vichwa. Fundi Miwani amesema si zipu peke yake mtaani hapa. Shemeji alimkemea. Mke wangu hakumkemea.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Siku ya kwanza. Katika kumbukumbu zangu nimeliandika tukio hili kama Muungano wa Kimkakati. Cheo changu hakijatajwa rasmi. Kazi yangu ni kukaa kwenye kigoda kando ya kopo, kuuliza, na kuandika vikaratasi. Shemeji amesema ana wasiwasi na mwandiko wake mbele ya kiwanda, nami nina mwandiko wa kishule na maneno ya kuwaandikia watu wa ng'ambo. Alisema hivyo mbele ya wateja. Sikulala mchana kwa furaha.

Nimewasikiliza watu kumi na mmoja. Mfagia barabara ameniambia zipu yake hufa kila masika kwa sababu huiacha wazi ili apate hewa, kisha huifunga kwa ghafla meneja akipita. Nililiandika hilo. Shemeji alilisoma, akatafakari, akatoa zipu ya kufunguka juu na chini, ya kupitisha hewa bila kuonekana. Mfagia barabara aliondoka anaifungua na kuifunga hadi kona. Mimi nilibaki na kalamu hewani. Ni kama kumtazama daktari bingwa.

Saa kumi shemeji alinipa chai na kuniambia nimefanya kazi nzuri leo, nimesikiliza vizuri. Mke wangu alikuwa amepita kusalimia. Aliyasikia. Nilihakikisha ameyasikia.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Nimeipata siri!

Imenijia ghafla saa tano asubuhi, katikati ya maelezo marefu ya fundi bomba kuhusu suruali yake. Sikusikia mwisho wa maelezo hayo. Kwa wiki nzima nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa kilichomfikisha shemeji hapa alipo, na jibu lilikuwa mbele ya magoti yangu.

Ni kopo.

Kila mfanyabiashara wa mtaa huu atalihitaji. Muuza betri. Muuza viatu. Kinyozi! Leo kila mtu anazungumzia oda ya kiwanda, na kila mtu anajua ilitoka ndani ya kopo jekundu. Huu ndio mwelekeo wa soko, nami nimeuona kabla ya wengine. Nimeanza kuandika hotuba: "Kopo Jekundu na Mustakabali wa Biashara Ndogo." Nipo ukurasa wa sita. Shemeji hajui bado. Nataka awe mgeni rasmi.

Nimeshaagiza. Makopo mia nne ya duara, rangi nyekundu, kutoka nchi ya kwanza. Vifuniko mia nne, rangi hiyo hiyo, kutoka nchi ya pili, ambako vifuniko ni nafuu kupita kiasi. Safari hii sikukurupuka. Nimehakikisha rangi zinalingana kabisa.

Muuza vifuniko ameniandikia swali moja tu kabla ya kutuma. Ameuliza mdomo wa kopo una upana gani.

Nimemjibu kwa heshima zote kwamba ni upana wa hali ya juu.